Dawa Ilibaki Buluu

Ninyi wauguzi wadogo mnaochoma ncha ya kidole na kusoma sukari ya mgonjwa kabla hajamaliza kusema "uwii", hamjui raha mliyo nayo. Sisi tulichemsha mkojo. Najua mnacheka. Chekeni sasa, maana mbele huko hamtacheka.

Kazi ilikuwa hivi. Unamimina dawa ya buluu kwenye tyubu ya kioo, kiasi cha kijiko cha chai. Unadondosha matone manane ya mkojo. Unaishika tyubu kwa koleo juu ya moto wa spiriti, mdomo wake ukiwa umeelekezwa mbali na uso wako. Hilo la mwisho nililisahau wiki yangu ya kwanza, mkojo ukachemka ukaniruka hadi kwenye kofia, na nikahudumia wodi nzima nikinuka hivyo kwa sababu kofia nyingine sikuwa nayo. Dawa ikibaki buluu, mtu hana sukari. Ikiwa kijani, anayo kidogo. Ikiwa ya njano unaanza kumtafuta daktari. Ikigeuka nyekundu kama tofali, unakimbia.

Vijiti vya kupimia vilikuwepo miaka hiyo ya tisini, lakini vilikuwa vikija kwa nadra kama mvua ya Ukambani. Vikiisha, tunarudi kwenye dawa ya buluu.

Nilianzia kliniki moja ndogo ya Eastlands, siku ya wagonjwa wa sukari ikiwa Jumanne. Tulikuwa tunawaambia watu waje na mkojo kutoka nyumbani, nao walikuja nao kwa chochote: chupa ya soda, chupa ya sosi, hata mzee mmoja wa mtaa wa Jericho alikuja na mtungi wa lita tano. Nilipomuuliza vipi, akaniambia kwa heshima kabisa, "Sista, hukusema kiasi. Nimekusanya tangu Jumapili."

Siku moja mama mmoja muuza dagaa wa omena aliniletea wake, nikachemsha, ukawa mwekundu tofali. Nikamkalisha chini, nikamfokea, nikamkataza chai ya sukari, mandazi, soda, yote. Mama wa watu akalia. Sista Penina, mkubwa wangu pale, alikuwa anapita. Akaichukua ile chupa, akainusa, akaniuliza, "Nekesa, hii chupa ilikuwa ya nini?"

Ilikuwa ya dawa ya kikohozi, ile tamu ya watoto. Hakuiosha. Nilikuwa nimepima dawa ya kikohozi.

Sista Penina alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyepandisha sauti. Aliniambia, "Mkojo ambao hukuuona ukitoka, usiuandike kwenye faili ya mtu. Mpe chupa yako, msindikize, msubiri mlangoni, shika chupa ikiwa bado moto. Ikiwa baridi, rudia." Niliyaandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari langu, na kwa miaka mingi niliyafuata. Kumbukeni hilo la chupa kuwa moto.

Sasa niwaambie jambo ambalo nilijivunia wakati ule, na leo nalisema nikiwa nimetazama chini.

Nilikuwa bingwa wa kutisha watu. Jumanne asubuhi, kabla daktari hajafika, wagonjwa wakiwa wamejaa kwenye mabenchi, mimi ndiye niliyetoa mafundisho. Na watu wa Eastlands huwezi kuwafundisha kwa sauti ya kanisani, watasinzia au wataanza kuongea habari zao. Kwa hiyo niliigiza. Nilitembea kama mtu aliyekatwa mguu, nilipapasa ukuta kama kipofu. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha nilinyamaza, nikainua mkono kama nimeshika kisu, nikasema kwa sauti ya chini, "Na mtu wa sukari asije akaguswa na kisu. Daktari akikupasua, umekwisha. Hufungiki. Unabaki wazi hivyo hivyo mpaka unaingia kaburini."

Hapo hakuna aliyecheka. Ungesikia mtu akimeza mate.

Na ilifanya kazi! Watu waliacha soda. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitia vijiko sita kwenye kikombe aliniapia kuwa sasa anakunywa strungi, chai ya rangi, bila chembe ya sukari. Wakanipa jina, Sista Moto, na mimi nililipenda kuliko jina langu la ubatizo. Sista Penina alinisikia mara moja akaniita kando. "Nekesa, kwani ni kweli mtu wa sukari hapasuliwi?"

"Anapasuliwa, sista, ila sukari itulizwe kwanza."

"Mbona hiyo nusu huisemi?"

Nikamwambia nikiisema hawataogopa. Aliniangalia kidogo, akaenda zake. Mimi nikaona ni mzee tu, hajui watu wa siku hizi.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa wodi ya upasuaji ya wanaume, katika hospitali kubwa ambayo sitaitaja. Ndipo alipoletwa Mzee Kyalo.

Alikuwa mchongaji wa vinyago, mtu wa Machakos aliyeishi Kaloleni na kufanya kazi kwenye banda moja karibu na soko la Gikomba, akichonga twiga na swala. Umri wa baba yangu. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kama limetundikwa kwenye msumari. Kwa mwaka mzima alikuwa akitokwa na damu chooni na kudhani ni bawasiri. Daktari wetu mpasuaji, mtu makini asiye na maneno mengi, alikuta uvimbe kwenye utumbo mpana, chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa. Kansa. Lakini aliniambia kwenye korido, na nilimwona amefurahi, "Huyu tumempata mapema kidogo. Nikiutoa wote, na akiwahi dawa za kansa baadaye, ana nafasi nzuri."

Nikamjazia fomu ya kuingia. Nikauliza kama tulivyouliza wote, macho yakiwa kwenye karatasi: "Mzee, una sukari? Presha? Pumu?"

Alikawia kujibu. Nikainua macho nikamkuta ananitazama usoni, kisha akatazama beji yangu. Nikadhani kwa upumbavu wangu kuwa mzee anaona mimi ni mrembo.

"Hapana," akasema. "Sina kitu."

Vijiti vilikuwa vimeisha. Mashine ya maabara ya kupima sukari ya damu ilikuwa imelala wiki ya pili. Kilichobaki ni dawa ya buluu. Nikampa chupa safi. Akaenda chooni polepole, mke wake, Mama Mwende, akimshika mkono, kikapu begani. Nilipaswa kuwafuata. Nilisimama hatua mbili kutoka mlango wa choo, nikaona haya. Nitasimama vipi pale nikisikiliza mzee wa rika la baba yangu akikojoa, na mkewe yuko naye? Nikarudi mezani kwangu. Mama Mwende akaniletea chupa kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama mtu anayekupa chai.

Chupa ilikuwa moto. Nikaridhika. Nikachemsha, dawa ikabaki buluu safi. Nikaandika kwenye faili, "Sukari: hakuna," nikatia sahihi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alitoka huko ndani akiimba wimbo wa kwao kwa pua, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Uvimbe ulitoka wote alioweza kuuona. Alimtolea Mzee Kyalo utumbo kwenye tumbo, upande wa kushoto, awe anapitishia choo hapo. Na kwa kuwa alikuwa haruhusiwi kula wala kunywa, na faili ilisema hana sukari, tukamwekea dripu ya maji ya sukari. Chupa baada ya chupa. Mimi mwenyewe nilizibadilisha.

Siku ya tatu mfuko wake wa mkojo ulikuwa ukijaa kila ukigeuka. Nikasema ni dripu. Siku ya tano midomo ilikuwa imekauka na ulimi umepasuka, nikasema ni homa. Kidonda kilianza kutoa majimaji, nikasema ni mafuta yanayeyuka, hutokea. Mama Mwende alikuwa akija kila saa ya kuona wagonjwa, anakaa kwenye ukingo wa kiti na kuikunja na kuikunjua pembe ya leso yake. Mara mbili aliniuliza, "Sista, lini ataruhusiwa kumeza kitu?" Nikamwambia awe na subira. Mara ya tatu nilimjibu vibaya.

Siku ya saba nilikuwa nambadilishia bandeji. Niliondoa pamba ya mwisho, mzee akakohoa, na kidonda chote kikafunguka mbele ya macho yangu kutoka juu mpaka chini. Hakikutoka damu. Nyama ilikuwa ya kijivu, nyuzi zimening'inia zikiwa hazijashika kitu. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka kumi na miwili na nilipiga kelele kama mwanafunzi. Mzee mwenyewe wala hakustuka. Alikuwa anahema kwa nguvu, macho yako mbali, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoanza kuoza.

Harufu hiyo niliijua. Niliijua kutoka kliniki ya Jumanne. Lakini kichwa kilikataa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimempima.

Tulipomfunika kidonda kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi na kumwita daktari, nilikimbilia chumba cha dawa na mkojo kutoka kwenye mpira wake. Matone manane. Moto. Dawa haikupitia hata kijani, iligeuka tofali papo hapo. Nikasema tyubu ni chafu. Nikachukua nyingine, nikaiosha, nikarudia. Tofali. Nikarudia mara ya tatu, nikihesabu matone kwa sauti. Tofali.

Daktari aliangalia tyubu zote tatu zimepangwa dirishani. Akafungua faili, akasoma pale nilipoandika, akasoma na sahihi yangu. Akaifunga, akaagiza dripu ya sukari iondolewe. Afadhali angenitukana.

Nilimkuta Mama Mwende kwenye benchi la nje. Nikamwambia, "Mama, mumeo ana sukari. Ana sukari nyingi sana. Ule mkojo ulionipa..."

"Ulikuwa wangu," akasema.

Sikumwelewa. Nikamwambia arudie.

"Ulikuwa wangu, sista. Nilikojoa mimi, huko huko chooni. Yeye ana sukari mwaka wa nane sasa." Akafungua fundo kwenye pembe ya leso. Ndani mlikuwa na vidonge vya kushusha sukari, vimeanza kubomoka kwa jasho la mkono wake. "Nilikuwa nangoja aruhusiwe kumeza nimpe hivi kichinichini. Mkamnyima hata maji. Siku saba nimevishika tu."

Nikaketi kwenye benchi lile lile nikiwa na yunifomu, jambo tuliloambiwa tusifanye kamwe. Nikamuuliza, nusu nikipiga kelele, "Lakini kwa nini mama? Kwa nini mtufiche? Mngesema tu, tungeishusha kwanza ndiyo apasuliwe!"

Alinitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli, kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Mngempasua?"

"Ndiyo! Wanapasuliwa kila siku!"

"Lakini si ni wewe, sista?" Sauti yake haikuwa na hasira. "Sista Moto wa Jumanne. Tulikuwa tunakuja pamoja. Si ni wewe ulitwambia mtu wa sukari haguswi na kisu? Daktari hapa akasema asipopasuliwa, kansa itammaliza. Tukajua mkijua ana sukari mtamrudisha nyumbani afe. Na alipokuona hapo na karatasi, akaniambia kwa Kikamba, ni yule, huyu hawezi kukubali."

Vijana, nimesimama mbele ya maiti wengi. Nimeona ajali, nimeona mambo ya Gikomba ikiwaka moto. Sijawahi kupigwa hivyo. Nilikaa nikiangalia vile vidonge kwenye leso, na nikajiona nimeinua mkono nikishika kisu kisichokuwepo, watu wakimeza mate, nami nikifurahi. Hakunikumbuka mtu mmoja tu. Walikumbuka neno kwa neno.

Tulimwekea insulini, akarudi kutoka huko alikokuwa. Kidonda kilikataa kufunga. Ulikuwa mwezi, ukawa wa pili, ukawa wa nne. Nilimfunga mimi kila siku, hata siku zangu za mapumziko nilitoka nyumbani Makadara kwa miguu nikaja. Daktari wa kansa alikuja mara tatu kumwangalia, na mara zote tatu akatikisa kichwa: dawa zile huwezi kumpa mtu aliye wazi tumbo na mwenye usaha, zitammaliza kabla ya kansa. Ngojeni kifunge. Nasi tukangoja.

Hiki ndicho ninachotaka mkijue kuhusu magonjwa haya mawili yakikutana kwa mtu mmoja. Sukari haikai kando na kuiachia kansa kazi. Iliufanya ukondefu wa Mzee Kyalo wa mwaka mzima uonekane ni sukari tu, hivyo hakwenda kuangaliwa. Ilizuia kidonda kufunga, ikakaribisha usaha, na ikala ile miezi ambayo dawa zilipaswa kufanya kazi. Lakini ikitulizwa mapema na ikaangaliwa kila siku, mgonjwa huyo anapasuliwa, anafunga, anapata dawa zake kwa wakati. Nimewauguza wa namna hiyo baada ya Mzee Kyalo, na wengine walikuja kunisalimia miaka mingi baadaye wakiwa wamenenepa.

Kitandani alipata nguvu kidogo akaanza kuchonga. Mifuko ya kuvaa tumboni ilikuwa adimu, tulikuwa tunafunga karatasi ya nailoni kwa bandeji, inavuja, inanuka, mtu anaona aibu. Mzee Kyalo alichonga pete ya mti laini, akaipiga msasa mpaka ikawa nyororo kama shavu la mtoto. Akamtuma mkewe sokoni Kariokor kwa wale wanaotengeneza viatu vya tairi, akatiwe mshipi wa mpira wa ndani ya tairi. Pete inashika nailoni, mshipi unashika pete. Haikuvuja tena. Alimchongea kila aliyetolewa utumbo wodini, na kila mtu alipimiwa yake. Ya jirani yake wa kitanda aliitia kichwa kidogo cha swala pembeni, eti choo kitoke kwa mbio.

Siku moja nikiwa namfunga nilimwomba msamaha. Nililisema lote, bila kujitetea. Alicheka mpaka akalishika tumbo kwa maumivu.

"Lakini sista, ulitisha vizuri! Mimi hata soda niliacha siku hiyo hiyo."

Alicheka peke yake. Mimi nilitoka nje nikalia.

Kidonda kilifunga mwezi wa sita tangu upasuaji. Daktari wa kansa alimpima ili aanze dawa, akakuta ini limeshajaa kansa. Mzee Kyalo alifia nyumbani Kaloleni kabla ya Krismasi. Daktari mpasuaji aliniambia, "Sisemi angepona, sista. Nasema alikuwa na nafasi, na nafasi ile hatukumpa." Alisema "hatukumpa". Alikuwa muungwana, maana angeweza kusema "hukumpa".

Niliomba nirudishwe kliniki ya Jumanne. Sikuigiza tena. Niliwaambia, "Mtu wa sukari anapasuliwa, mradi aseme," na wengine walisinzia, nami nikawaacha wasinzie. Na sikuuliza tena mtu "una sukari?" macho yakiwa kwenye karatasi. Muulize dawa anaziweka wapi nyumbani. Muulize ameacha kula nini, na nani alimwambia aache. Muulize anaogopa mtamfanya nini. Kisha nyamaza, hata kama foleni imefika barabarani.

Ilipita miaka mitatu hivi. Jumanne moja, mama mmoja alikaa mbele yangu na leso begani. Amezeeka, amekonda. Kiu, akasema, na kukojoa kila mara. Na damu kidogo chooni, tangu mwezi uliopita. Ndipo nikamtambua, nikasahau hata kumsalimia vizuri. Nikampa chupa. Nikasimama mlangoni.

Akaitoa kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Ilikuwa moto. Nikachemsha yeye akiangalia, na sisi wote wawili tuliiona dawa ikitoka buluu, ikapita kijani, ikapita njano, ikatua kwenye tofali.

Sikuweza kujizuia kumuuliza ni wa nani.

"Ni wangu, sista," akasema Mama Mwende, na akafungua pembe ya leso kunionyesha kuwa haina kitu. "Mara hii ni wangu. Niandike yote."